Kumi na Kumi ni Kumi

Imenifikia mara nyingi, tena kwa vinywa vya watu ambao siku ile hawakuwapo, kwamba niliwahi kumfunga inspekta wa shule kwa kamba na kumburuta mbele ya wanafunzi wangu hadi kofia ikamwanguka. Sina budi kusema tangu mwanzo kwamba kamba haikuwapo. Kofia ilianguka, hilo sikatai. Lakini inspekta alishika mwenyewe kwa hiari yake, na hatua alizovutwa ni tatu, si kumi na mbili kama wanavyodai kule stesheni. Nilizihesabu. Kwa kuwa mashahidi wa kweli wanazidi kupungua na wazushi wanazidi kuzaliwa, nimeona heri niandike mambo yalivyokuwa.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa mwalimu katika shule ya ufundi ya mapadri hapa Kamina, shule iliyopakana na karakana za reli. Nilikuwa nimehitimu masomo ya ualimu, nikapewa darasa la mwaka wa tatu: vijana kumi na sita, wawili kati yao wakiwa na ndevu nzito kuliko zangu. Nusu yao walikuwa watoto wa reli, waliozaliwa katika kambi za stesheni, baba ametoka Kasai na mama ametoka kwingine kabisa. Nusu walikuwa Waluba wa vijiji vya karibu na wa upande wa Kaniama, watoto wa wakulima wa mahindi na mihogo. Watoto wa reli waliwacheka wenzao kwa kushtuka kila filimbi ya treni ilipolia. Watoto wa vijijini waliwacheka wa reli kwa kushindwa kutofautisha shamba la mihogo na pori. Katika fizikia hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Walilingana kwa kutojua.

Masomo karibu yote yalikuwa ya mikono: tupa, nyundo, kufua chuma. Fizikia ilikuwa na saa mbili tu kwa juma, moja Jumanne na moja Ijumaa, na hata hizo nilizipata kwa kuomba. Padri Mkuu wa shule, mtu mwema ambaye kiko chake hakikuzimika ila wakati wa Misa, aliamini kwamba kijana mwenye tupa mkononi anapaswa kufikiria tupa.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha miaka ishirini ya Katanga, "minyi sikatae sayansi. Lakini lokomotivu haiulize muntu kama anajua vekta."

Nilimjibu kwamba lokomotivu haiulizi, lakini pia haisamehe. Akacheka, akanipa saa mbili, na nadhani alizijutia tangu siku ile ile.

Somo nililoanza nalo lilikuwa la skala na vekta. Msomaji asiogope maneno hayo. Yana sura ngumu na tabia nyepesi. Viko vipimo vinavyotosheka na hesabu peke yake: lita za maji, saa za kazi, joto la mgonjwa. Ukisema lita tano na lita tano umemaliza, maana maji hayana haja ya kuulizwa yanaelekea wapi. Hizo ndizo skala. Na viko vipimo ambavyo hesabu peke yake ni nusu ya habari: mwendo, safari ya mtu kutoka kwake, nguvu ya kuvuta. Ukiniambia umevuta kwa nguvu ya kilo kumi, bado nitakuuliza: kuelekea wapi? Hizo ndizo vekta, nasi huzichora kwa mishale, urefu wa mshale ukionyesha ukubwa, na ncha yake ikionyesha upande.

Hayo niliyasema kwa ufasaha, na vijana wakayapokea kwa ufasaha uliozidi wangu, kwa sababu waliyapokea kwa njia waliyoijua tangu utotoni, yaani njia ya katekisimu. Mimi niliuliza, wao wakaitika kwa pamoja na kwa sauti ile ile ya darasa la Komunyo: "Vekta ni nini? Vekta ni kipimo chenye ukubwa na chenye upande." Sauti ilipanda penye "ukubwa" na kushuka taratibu penye "upande". Siku moja mwanafunzi mmoja, mtoto wa katekista, alimalizia kwa "Amina", na darasa zima likaona inafaa. Nilipaswa kutambua hatari. Badala yake nilisimama pale kifua mbele, nikifurahi kwamba hakuna aliyekosea neno.

Mke wangu alitambua kabla yangu. Alikuwa mtu wa Mulongo, mwuza samaki wa kukaushwa katika soko letu, naye alipopita chini ya dirisha la darasa na kikapu chake alisikia ule wimbo. Jioni aliniwekea chakula akasema:

"Leo mulisali sana, Baba batoto. Ni novena ya nini?"

"Ile ni fizikia."

"Aa! Na mutakatifu wake njo nani?"

Niliendelea kula. Mtu aliyesoma hujua maswali ambayo hayatafuti jibu.

Lazima nieleze pia sheria moja ya darasa langu, maana ndiyo iliyonitia matatani. Mji wa reli ni mji wa uvumi. Kila treni iliyoingia ilishusha habari: daraja fulani limevunjika, chifu fulani amekufa, mtu fulani amegeuka chui kule Kabondo-Dianda, na juma lililofuata tuliambiwa daraja ni zima, chifu yu hai, na chui alikuwa ni chui tu. Kwa hiyo niliwawekea vijana amri: yeyote anayeleta neno darasani aseme kama ameona au amesikia. Aliyeona aketi. Aliyesikia asimame, na aendelee kusimama hata amlete aliyeona. Katika mwaka ule wapo walionyooka miguu zaidi kwa kusimama kuliko walivyonyooka akili, lakini uvumi ulipungua.

Basi asubuhi ya Ijumaa moja Padri Mkuu aliniita. Baada ya majuma mawili, Ijumaa, angekuja inspekta wa shule kutoka Elisabethville. Angeuliza darasa langu maswali. "Kama watajibu sawa bantu wenye kufahamu, masaa yako mbili inabakia," alisema Padri, akisokota tumbaku kidoleni. "Kama watajibu sawa kasuku, ninaipeleka kwa tupa. Yeye mwenyewe aliandika hivi, si minyi." Akanionyesha barua. Niliisoma. Ilikuwa hivyo.

Niliingia darasani na kuwapima mara moja. Waliimba bila kosa hata moja. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miezi miwili kabla: niliwauliza swali ambalo halikuwa katika wimbo. Nilisema, wanaume watano wanavuta behewa kwa kamba upande wa kulia wa reli, na watano wanavuta kwa kamba ya pili upande wa kushoto, kila kundi likienda mbele kwa mshazari, kila moja likiwa na nguvu sawa. Je, behewa linapata nguvu ya makundi mawili kamili, au pungufu, au zaidi?

Aliyejibu alikuwa kijana mrefu kuliko wote, mtoto wa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha kusukuma mabehewa pale stesheni. "Inapita, Mwalimu. Inazidi."

"Inazidije?"

"Baba yangu njo anafanyaka vile. Anatanua kamba. Kamba zikitanuka, bantu wanaangaliana uso kwa uso. Muntu akiona mwenzake usoni, anapata haya ya kuwa muvivu."

Darasa likacheka, na mimi nikajizuia. Nilimwambia kwamba nguvu haizidi bali inapungua, kwa sababu kila kundi linapoteza sehemu ya nguvu yake likivutana na lile jingine kando. Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kupima. Hapana, alikuwa anasema tu. "Basi umesikia," nilisema. "Simama."

Akasimama. Akaniangalia kutoka juu, maana hata mimi alinizidi, akauliza kwa adabu kamili:

"Na weye Mwalimu, uliona ao ulisikia?"

Niliangalia kitabu mezani. Kilikuwa kitabu kizuri cha Kifaransa, kimoja tu kwa shule nzima, nami nilikiamini kama nilivyomwamini mwalimu wangu aliyenifundisha habari ile ile kutoka katika kitabu kile kile. Yeye hakuniambia kama aliona. Mimi sikumwuliza.

"Nilisoma," nilisema.

"Kusoma njo kusikia na macho," akasema mtoto wa katekista kutoka nyuma, polepole, kama anayeungama dhambi ya mtu mwingine.

"Mwalimu asimame," akanong'ona wa tatu.

"Anasimama tayari," akajibu jirani yake.

"Basi asikae."

Sheria ilikuwa yangu, hati ilikuwa yangu, na ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi niliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Nikasukuma kiti changu ukutani. Somo hilo tulilimaliza watu wawili tukiwa tumesimama, mimi mbele na yule mrefu katikati, akiwaziba walio nyuma yake wasione ubao.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta mke wangu ameweka chakula juu ya kabati, mahali pa juu, kwenye kimo cha kifua changu. "Niliambiwa uko na kifungo cha kusimama," alisema. "Sikuone na macho yangu, lakini nilisikia kwa bantu ine." Nilikula nimesimama. Samaki alikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Sikuwa na njia ila moja: kuona. Ili kuona nguvu mbili zikijumlishwa nilihitaji mizani tatu za kuning'iniza, zile zenye springi ndani na ndoano chini, ambazo ukizivuta mshale wake hushuka kwenye namba. Mbili zingevuta, ya tatu ingepinga na kutuambia jumla. Karakana ilikuwa nayo moja. Ghala ya misheni, iliyopokea mahindi ya vijijini, ilikuwa nayo moja. Ya tatu katika Kamina yote, kwa kadiri nilivyojua, ilikuwa ya mke wangu.

Hapa sina budi kukiri jambo. Sokoni palikuwa na maneno kwamba mizani ya mke wa mwalimu "inakula", kwamba kilo yake ina upungufu wa kichwa cha samaki. Sikuyaamini maneno hayo waziwazi. Lakini nilikuwa nimeyaweka mahali fulani moyoni, na mara mbili tatu nilimshauri mke wangu aongeze kasamaki kadogo juu ya kila kilo, kwa ajili ya jina jema la nyumba. Aliongeza, bila kuniuliza kwa nini.

Nilipoiomba mizani, alisema, "Chukua. Lakini Ijumaa hapana. Ijumaa Bakatoliki bote wanakula samaki, na minyi njo ninabalisha."

Kwa hiyo Jumanne ya kwanza na Ijumaa iliyofuata niliendelea kusimama, nikikusanya vifaa, na Jumanne ya pili tulikwenda karakana, ambako sakafu ni ya simenti na chaki inaandika vizuri. Nilikataa kuanza kabla ya kuzijaribu mizani zenyewe. Karakana ilikuwa na kipimo cha lita chenye mhuri wa serikali, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, jambo ambalo hata watoto wa reli walilikubali. Tulipima ndoo tupu, tukatia lita kumi, tukaitundika kwenye kila mizani kwa zamu na kutoa uzito wa ndoo. Mizani ya karakana ilionyesha kumi. Mizani ya ghala ya misheni ilionyesha tisa. Mizani ya mke wangu ilionyesha kumi, na mshale ulitua katikati ya alama kama nzi aliyechoka.

Tulirudia mara tatu kwa ajili yangu.

Padri Mkuu, aliyekuwa amekuja kutazama na kiko chake, aliichukua ile ya ghala na kuigeuza. Ilikuwa imetundikwa miaka mingi karibu na magunia ya chumvi, na springi yake ilikuwa imekamatwa na kutu. "Tisa," alisema mara mbili, na niliona kwamba alikuwa akifikiria wakulima na magunia yao yote ya mahindi. Vijana waliifungua, wakaisugua kwa tupa, wakaitia mafuta, na kabla ya saa kwisha nayo ilisema kumi. Padri alifurahi kidogo kuona tupa ikitumikia fizikia, badala ya fizikia kula saa za tupa.

Kisha tukavuta. Mizani tatu zilishikwa kwenye pete moja ya chuma. Wawili wenye ndevu walivuta kila mmoja kilo kumi, bega kwa bega. Ya tatu, upande wa pili, ikasema ishirini. Walitazamana na kuvuta kinyume. Ya tatu ikalegea, haikusema kitu. Tukachora pembe ya mraba sakafuni, wakavuta kwa kuifuata. Ikasema kumi na nne. Nikachora mishale miwili ya sentimita kumi kwenye pembe ile ile, nikakamilisha mraba, nikampa yule mrefu rula apime mshale wa katikati. Alipima, akapima tena, akainuka.

"Sentimita kumi na nne, na kidogo."

"Umeona au umesikia?"

"Niliona, Mwalimu." Kisha akatazama huku na huku akatafuta ndoo, akaigeuza, akaiweka nyuma yangu. "Ukae."

Nilikaa. Sijapata kukalia kiti kilichonipendeza zaidi, ingawa kilikuwa kimelowa. Nikiwa nimekaa hapo waliendelea kuvuta wakizidi kutanuka, mpaka mizani ya tatu nayo ikasema kumi.

Jioni nilimweleza mke wangu matokeo ya maji, na nikamwomba msamaha kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi hupunguza uzito.

"Kumbe ulisikia," alisema. "Weye, mwenye kusimamisha batoto ya wenyewe."

Nikasema ndiyo, nilisikia.

"Na ile tusamaki yote niliongezaka?"

Nikasema hiyo ilikuwa sadaka. Akasema sadaka ina mwenye kuitoa, na tangu kesho kilo ni kilo.

Kapita naye alipelekewa habari na mwanawe, na alirudisha jibu: Mwalimu aambiwe kwamba kamba zikikaa pamoja wavivu wanajificha nyuma ya wenye nguvu, na kwa hiyo yeye atazidi kuzitanua. Nguvu tulikuwa tumeipima, lakini mizani ya kupimia haya ya mvivu haikuwapo, si karakanani wala ghalani.

Ikafika Ijumaa. Mke wangu alikuwa ameahidi kuleta mizani kufikia saa nne, akishauza kwa wateja wa mapema. Inspekta aliingia saa tatu na nusu, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe, ambaye aliongea Kifaransa alipotulia na Kiswahili alipokasirika. Treni yake ingeondoka saa sita. Aliketi, akafungua daftari, akauliza kwa Kifaransa kilichotulia: vekta ni nini?

Nilikuwa nimewafundisha kuona, lakini nilisahau kuwafundisha kuacha kuimba. Wote kumi na sita waliinuka kama mtu mmoja, wakapanda penye "ukubwa", wakashuka penye "upande", na kutoka benchi la nyuma ikaja, wazi na yenye ibada: "Amina."

Wakaketi, na inspekta akamgeukia Padri Mkuu. "Hii ni darasa," aliuliza kwa Kiswahili, "ao ni chapeli?"

Padri alivuta kiko. Inspekta akamnyooshea kidole mtoto wa katekista. "Weye wa Amina. Bantu wawili wanavuta, kila muntu kilo kumi. Pamoja ngapi?"

Yule maskini akajibu mbio: "Ishirini."

Inspekta akainamia daftari. Niliona kalamu ikigusa karatasi, na niliona saa zangu mbili zikihamia kwenye tupa, zote mbili, bila kurudi. Ndipo yule mrefu akainuka pasipo kuitwa.

"Ishirini, kama wanaenda upande mumoja. Bwana Inspekta hakusema wanaenda wapi."

Kalamu ilisimama. "Na kama hawaende upande mumoja?"

"Inapunguka. Kama wanavuta kinyume, inabakia zero. Kama wanatanuka sana kidogo, inabakia kumi."

"Kumi na kumi ni kumi?"

"Ndiyo, Bwana Inspekta."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona."

"Basi nionyeshe."

Tukaenda karakana. Pete ilikuwapo. Mizani mbili zilikuwapo. Vijana wote wakatazama mlangoni, na inspekta akafuata macho yao akaona mlango tu.

"Ya tatu iko wapi?"

"Inakuja," nilisema.

"Inatoka wapi?"

"Sokoni, Bwana Inspekta."

Padri Mkuu alitoa kiko mdomoni. Inspekta alitoa saa mfukoni, akaifungua, akaishika hivyo kiganjani. Saa nne ilipita. Robo yake ikapita. Yule mrefu alikuwa anasogeza midomo, na sikuhitaji kuuliza kama sasa alikuwa anasali kweli. Inspekta alikuwa ameifunga saa yake na kushika kofia wakati mke wangu alipotokea mlangoni, kikapu kichwani, jasho usoni, na harufu ya moshi wa samaki ikimtangulia hatua tano.

"Mama," alisema Padri Mkuu, ambaye jikoni kwa bamupe, yaani kwa mapadri, hapakuwa na kitu kingine siku ile, "samaki ya bamupe iko?"

"Iko, Monpere. Lakini haijapimwa. Niliacha bantu kwa mustari, wananitukana mupaka sasa." Akatoa mizani, akaipangusa kwa kitenge chake, akampa inspekta moja kwa moja, bila kunipitia mimi.

Inspekta aliinusa. "Hii ya samaki? Inasema kweli?"

"Muulize bwana yangu," alisema mke wangu. "Yeye aliipima na maji. Mbele ya pale alikuwa anasikia tu."

Vijana walitazama sakafu kwa bidii kubwa.

Inspekta alisema atashika ya tatu mwenyewe, maana hakuamini wavutaji wa shule. Hapo ndipo palipozaliwa ile hadithi ya kamba. Wale wawili wenye ndevu walivuta bega kwa bega, naye hakuwa amekaza miguu. Akaenda mbele hatua tatu na kofia ikaanguka. Aliiacha palepale. Alikanyaga kipande cha taruma la reli kilichokuwa sakafuni, akakaza, akasoma: ishirini. "Tanukeni," aliwaamuru. Wakatanuka. Akasoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa inabadilika: "Kumi na nane. Kumi na ine. Kumi na mbili. Munapunguza! Munalegeza mikono!"

"Hapana, Bwana Inspekta," alisema yule mrefu. "Kuja usome."

Inspekta alimpa Padri Mkuu mizani yake, akasema "Shika," akaenda kwa mmoja wa wavutaji na kuinamia namba: kumi. Akaenda kwa wa pili: kumi. Akachukua chaki mwenyewe, akawasogeza hadi mikono mitatu ikagawa duara sawasawa, akarudi kwa Padri, aliyekuwa amekaza meno juu ya kiko. Kumi.

"Kumi, kumi, kumi," alisema kwa Kifaransa, kwa kunong'ona.

"Tatu, na zote ziko sawa," alisema mtoto wa katekista, aliyekuwa amerudiwa na uhai. "Monpere, ni kama..."

"Nyamaza," alisema Padri. "Usiingize Utatu Mutakatifu katika mizani ya samaki."

Inspekta alirudia mara nne. Alijaribu pembe ambazo sisi hatukuzijaribu, na kila mara alimtaka yule mrefu achore mishale kwanza na kutaja jumla kabla ya kuvuta. Kijana alikosea mara moja, kwa nusu kilo, na akasema mwenyewe kwamba amekosea. Mke wangu aliuliza kama anaweza kurudishiwa mali yake, kwa kuwa samaki hawangojei sayansi. Inspekta alimrudishia kwa mikono miwili.

Alipoandika daftarini aliandika kwa muda mrefu. Sikuona alichoandika na sitajifanya kwamba niliona. Nilichosikia kwa masikio yangu, mbele ya Padri Mkuu, ni maneno mawili ya Kifaransa ambayo nayatafsiri hivi: saa zibaki, kuimba kuishe. Akapangusa kofia, akatoka karibu mbio kuelekea stesheni, na vumbi la chaki lilikuwa limemjaa magotini.

Padri Mkuu alikwenda ofisini na kurudi na ratiba ya shule, ile karatasi kubwa yenye mistari. Aliitandaza juu ya benchi la tupa. Nilidhani atapunguza kitu, maana sijapata kumwona mkuu wa shule akichukua kalamu ili aongeze. Aliacha fizikia ya Jumanne ilipokuwa. Ile ya Ijumaa aliifuta kwa mistari miwili, nami nikafungua mdomo kupinga. Kabla sijapinga, aliiandika upya chini ya Alhamisi.

"Kwa nini Alhamisi, Monpere?" niliuliza.

"Kwa sababu Ijumaa," alisema, akipuliza wino ukauke, "mizani ya Mama iko na kazi ya Kanisa."